Msanifu aliyetusomea upya godauni letu hapa Columbus, nampa nyota 5

Jamani wenye makanisa na biashara hapa Ohio mnaonunua majengo ya zamani, kabla hamjasaini chochote tafuteni msanifu majengo anayejua kusoma aina ya ujenzi, yaani daraja la jengo kulingana na vifaa vyake na linavyohimili moto. Sisi tulipata godauni la futi za mraba 7,200, halina ghorofa, tukataka liwe kanisa, watu kama 220 hivi. Karatasi za zamani zimeandika VB, yaani ujenzi wa mbao usio na kinga ya moto, na VB kwa ibada bila sprinkla (mabomba ya darini yanayomwaga maji moto ukitokea) mwisho futi za mraba 6,000, kwahiyo tukaambiwa haiwezekani. Mkandarasi mmoja akasema hapo dawa ni sprinkla jengo zima, bei aliyotaja mi sikulala siku hiyo.

Huyu msanifu alipokuja hakuanza na karatasi. Alipanda ngazi akafungua dari sehemu nne, akatoboa ukuta akahesabu tofali, tabaka tatu za tofali za kuchoma, akasema kuta za nje haziungui na zinahimili moto zaidi ya masaa 2, mbao ziko ndani na kwenye paa tu, hii ni IIIB sio VB. Na IIIB kwa ibada inaruhusu futi za mraba 9,500 bila sprinkla, na sisi hatufiki watu 300 ambapo sprinkla ingekuwa lazima. Aisee nilikaa chini.

Ila alituambia ukweli pia, ukuta wa nyuma kulikuwa na mlango mkubwa wa kupakulia mizigo, mtu aliuziba kwa fremu za mbao, na kipande hicho kimoja tu kinashusha jengo lote kurudi VB, maana jengo linahesabiwa kwa sehemu yake dhaifu. Tukabomoa tukajenga kwa bloku, akapiga picha kila hatua akaandika ripoti, inspekta akaja akaangalia akakubali, kibali cha kubadilisha matumizi kikatoka.

Lawama yangu moja, ripoti ilichelewa wiki 2 na simu hapokei jioni. Bei yake sio ndogo lakini mbele ya sprinkla ni hela ya chai. Mkimwita muwe na ngazi ndefu na funguo za vyumba vyote, atataka kuona kila ukuta.