Baritoni ya zamani: ya A au ya B fleti?

Selmer Mark VI, saksafoni ya Kifaransa iliyoanza kutoka mwaka 1954, ina baritoni (saksafoni kubwa ya sauti nzito) za aina mbili: ambayo noti yake ya chini kabisa ni B fleti, na inayoshuka hadi A. Tofauti ni nusu toni tu, ila bomba la A ni refu zaidi. Uzito wake utausikia begani harusi ya Kirumba ikifika saa sita usiku.

Kwa sauti, mimi ni wa B fleti. Inajibu upesi, na noti za chini hazikohoi. Gerry Mulligan, gwiji wa baritoni wa jazi wa Marekani, alipiga Conn, saksafoni ya Kimarekani, ya namna hiyo, na sijasikia mtu akimdai A.

Sokoni mambo hugeuka. Nyimbo nyingi za bendi kubwa siku hizi huandikiwa A, ambayo kwenye kinanda ni C, hivyo wanunuzi huiulizia kwanza na bei hupanda. (Alto, saksafoni ndogo kuliko baritoni, yenye A ni habari nyingine: adimu, hupendwa zaidi na wakusanyaji kuliko wapigaji.)

Yoyote utakayochagua, ingiza taa ndani ya bomba gizani kabla ya kulipa. Mwanga ukipenya kando ya pedi, vile vifuniko laini vya matundu, hewa nayo huvuja: punguza bei.