Hearts ya Windows XP, gemu ya kizamani ila bado inanoga

Wadau hii gemu ya karata iliyokuja na Windows XP bado ipo kwenye ile kompyuta kuukuu ya steshenari hapa Mtwara mjini, na mchana wateja wakipungua na joto hili la kwetu ndo inanitoa usingizi. Haitaki bando, haina matangazo, unafungua tu unapambana na mashine, wapinzani watatu Pauline, Michele na Ben.

Kila mtu anapata karata 13, unamsukumia mwenzio tatu mbovu na wewe unasukumiwa zako, mwenye mbili ya pau anaanza. Sasa utamu wake ni kwamba hapa pointi hutafuti unazikimbia, kila kopa ni pointi 1, bibi wa shupaza peke yake 13 (huyo mama ni balaa), mtu akifika 100 imeisha na mwenye chache ndo mshindi. Ila ukijilipua ukazoa kopa zote pamoja na yule bibi, wenzio wanakula 26 kila mmoja, aisee raha yake usiombe!

Ubaya wake mashine sio janja kihivyo, ukiizoea unaipiga sana tu, halafu iko kimya, na karata bila kutambiana kwa kweli inapungua chumvi. Umeme ukikata katikati ndo basi tena.

Windows 8 ya 2012 haikuja nayo kwahiyo mwenye XP yake asiifute. Naipa nne kati ya tano.