Miezi kumi na minne na mkanda wa mazoezi mkononi

Jambo moja nilitangulize: usinunue saa ya bei rahisi inayodai kupima presha kwa taa peke yake, na kama mzazi wako anayo tayari, mpigie simu leo umwambie asiiamini. Mengine yote niliyoyaandika hapa yanaweza kungoja. Hilo haliwezi.

Nina miaka 44, nafanya hesabu katika ofisi ya sacco katikati ya mji, kazi ya kukaa kitini kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Daktari alinipima akasema uzito umepanda na presha imeanza kuchungulia, 138 kwa 88. Hakuniandikia dawa, aliniambia nitembee. Jumamosi ile nikaenda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme hapa Nairobi, nikaingia maduka matatu, nikatoka na mkanda mwembamba kutoka China kwa shilingi 5,200, nikalipa kwa M-Pesa. Jina la kampuni siliweki hapa kwa sababu mikanda ya bei hiyo inafanana sana ndani, na nitakayoyasema yatakufaa hata ukiwa na mwingine.

Ndani yenyewe ni hivi. Chini ya mkanda kuna vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo moyo ukipiga na mishipa midogo ikajaa damu, mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo huongezeka. Kihisi huhesabu kule kupanda na kushuka. Hatua huhesabiwa na kihisi kingine, kile cha mwendo, kinachosikia mkono ukitikisika. Ukiyashika haya mawili, makosa mengi ya mkanda utayaelewa mwenyewe.

Chukua hatua. Siku ninazoamka mapema natembea kutoka South B hadi ofisini. Nilihesabu hatua 500 kwa mdomo, mara tatu, na mkanda ukaandika 492, 507 na 498. Hapo sina neno. Lakini nikifua nguo kwa mkono, beseni mbili, unaniongezea hatua zaidi ya elfu moja na sijatoka uani. Kusukuma chapati ishirini ni hatua kama mia tatu. Na siku niliyotoka soko la Muthurwa na kikapu cha viazi, mkono wenye mkanda umekakamaa kwa uzito, sehemu kubwa ya safari ile haikuandikwa, maana mkono haukuyumba. Mtu anayebeba mzigo kutwa nzima anaweza kuambiwa na kifaa hiki kwamba ni mvivu. Hilo liliniudhi.

Kwa hiyo siikimbizi tena ile namba ya hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi, na namba ikasambaa duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee wa Marekani, wastani wao miaka 72, ukaona waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Nilipomsimulia mama hayo, alivaa viatu akaenda dukani kwa miguu badala ya kumtuma mtoto.

Mapigo ya moyo ndiyo yaliyonifanya niupende mkanda huu. Nikiwa nimetulia, namba zake na zile nilizohesabu kwa vidole shingoni, dakika nzima, zilipishana kwa mapigo mawili au matatu tu. Nikikimbia ni habari nyingine. Jirani yangu anayejiandaa kwa marathoni aliniazima mkanda wa kifuani, ule unaosoma umeme wa moyo wenyewe, tukaenda naye msitu wa Karura, tukaingia kwa lango la Limuru Road. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni kifua kilisema 132, mkono ukasema 164. Nilihesabu miguu yangu: ilikuwa inapiga chini karibu mara 164 kwa dakika. Mkanda ulikuwa umeshika mdundo wa hatua ukauita moyo. Niliuvuta juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, nikaukaza kidogo, tofauti ikashuka hadi mapigo matano au sita. Tangu hapo sijauvaa ukiwa umelegea mazoezini.

Thamani yake hasa nimeiona kwenye mapigo ya mapumziko, yale mkanda unayoyapata usiku nikiwa nimelala. Nilianza na 81. Baada ya miezi sita ya kutembea yalikuwa 70. Hakuna mtu aliyeniambia nimebadilika, suruali zilikuwa zile zile, lakini namba ile ilishuka wiki baada ya wiki nikajua moyo wangu unafanya kazi ile ile kwa nguvu ndogo. Julai, katika ile baridi ya Nairobi, yalipanda hadi 79 usiku mmoja, na kesho yake jioni nikalala na homa. Namba moja ya siku moja haikwambii kitu. Ukiwa na namba zako mwenyewe za miezi mitatu, unaanza kuona siku ambayo mwili hauko sawa.

Usingizi nimeacha kuutazama. Ijumaa moja tulikuwa kwenye kesha kanisani, nimekaa kimya nikisikiliza mahubiri kuanzia saa saba usiku, na asubuhi mkanda ukaniambia nililala kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Kwake yeye kutulia na kulala ni kitu kimoja. Saa ya kulala na ya kuamka hupatia vizuri, lakini ile michoro ya usingizi mzito na mwepesi siwezi kuitegemea.

Oksijeni ya damu, ambayo mkanda huipima pia, nataka tuitazame kwa makini, sisi hasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Hapa mkanda wangu huandika asilimia 94 au 95. Nilipokwenda Mombasa uliandika 97 na 98. Kwa hiyo usishtuke ukisoma maelezo ya mtu anayeishi ufukweni akisema yake ni 98 kila siku. Linalonisumbua zaidi ni ngozi. Rangi nyeusi ya ngozi hunyonya sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye damu. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo kuhusu vile vibanio vya kidoleni vya hospitali: wagonjwa weusi walikutwa na oksijeni ndogo ambayo kibanio hakikuiona karibu mara tatu ya wagonjwa weupe. Hivyo ni vifaa vya hospitali, si mkanda wa Luthuli. Basi mtu akikosa pumzi na mkanda ukasema 96, mpeleke hospitali, usibishane na pumzi yake.

Mambo madogo niyapitie haraka. Sanduku liliahidi siku 14 za chaji. Nikiwasha vipimo vyote napata nane, nikizima oksijeni ya usiku napata kumi na moja. Mvua na sabuni havijauharibu. Hauna GPS yake, ile ya kujua ulipo kwa setilaiti, unategemea ya simu, kwa hiyo ukiacha simu nyumbani umbali ni wa kukisia: katika uwanja wa shule uliochorwa njia ya mita 400 kwa chokaa, mizunguko kumi uliiandika kilomita 4.4. Programu yake iliomba kusoma majina yote ya simu yangu na ujumbe. Nilikataa, na bado inafanya kazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya, na mapigo ya moyo wako ni habari za afya yako. Usibonyeze kukubali kwa sababu tu una haraka ya kuona hatua. Kamba yake ilikatika mwezi wa tisa, nikapata nyingine mjini kwa shilingi 300.

Sasa mama.

Mama ana miaka 71, anaishi Dagoretti, na amekuwa akimeza dawa za presha kwa zaidi ya miaka kumi. Krismasi iliyopita mdogo wangu, kwa mapenzi matupu, alimnunulia saa ya shilingi 2,300. Sanduku halikuwa na jina la kampuni, lilikuwa na picha tu: moyo, tone la damu, na maneno yanayodai saa inapima presha, sukari na oksijeni. Mama aliifurahia. Aliwaonyesha wenzake wa chama.

Februari nilimtembelea nikaona vidonge vimebaki vingi kuliko siku za mwezi. Nikamuuliza.

"Mwanangu, presha imeshuka. Nameza siku moja, naacha moja. Tazama." Akabonyeza saa. 118 kwa 76.

Sikubishana naye. Niliivaa mimi, ikasema 117 kwa 75. Nikamvisha mpwa wangu wa miaka tisa aliyekuwa anacheza sebuleni, 116 kwa 76. Juu ya meza kulikuwa na ndizi mbivu. Nikaifunga saa ile kwenye ndizi, nikabonyeza. Taa ikawaka, ikangoja kidogo kama inavyofanya kwa mtu, ikatoa 119 kwa 77. Mama aliitazama ndizi ile kwa muda mrefu, hakusema neno. Mchana huo tukaenda kliniki, wakampima kwa mashine ya kubana mkono. 172 kwa 104.

Mpaka leo nikikumbuka namba ile tumbo linanikata. Ningekuja mwezi mmoja baadaye je?

Mashine ya presha inayoaminika hubana mkono hadi damu isite kupita, kisha huachia pole pole na kusikiliza inavyorudi. Zipo saa zinazofanya hivyo kweli kwa sababu kamba yake ina kifuko cha hewa, kama Omron HeartGuide na Huawei Watch D, na bei zake si za elfu mbili. Saa za Samsung zinazokadiria presha bila kifuko hutaka ulinganishe kwanza na mashine ya mkono, na urudie kila baada ya siku 28. Ukiona saa inatoa presha bila kubana chochote na bila kulinganishwa na chochote, imetunga. Sukari ndiyo mbaya zaidi. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa kuwa haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata saa kama hiyo anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wanaoandika maneno hayo kwenye sanduku wanajua wanamwandikia nani: mzee anayeogopa foleni ya kliniki.

Nilimnunulia mama mashine ya kubana mkono wa juu kwenye duka la dawa, shilingi 4,500. Muuguzi alimfundisha: akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza sawa na moyo, apime mara mbili kwa kupumzika dakika moja katikati. Mdogo wangu alipopata habari alikuja mwenyewe akaichukua ile saa, akampa mama mkanda kama wangu, akafuta kila kitu kwenye kioo isipokuwa saa, hatua na mapigo.

Mama huandika presha katika daftari la mistari, asubuhi na jioni, na huenda nalo kliniki. Jana alinipigia simu kabla hata sijafika ofisini. 134 kwa 82, akasema, mkono wa kushoto, na dawa amemeza.