Chati ya Jumamosi: salio langu wamekula, kura yangu sijui iko wapi

Kama unakaa Tanga na una redio ndani, programu yenyewe unaijua hata nisipoitaja. Jumamosi mchana, nyimbo ishirini za wiki. Unachukua simu, unaandika namba ya wimbo unaoupenda, unatuma kwenda namba fupi, salio linakatwa, na baada ya muda inaingia meseji: asante, kura yako imepokelewa. Jina la redio naliweka kando. Waliokatwa salio wenzangu watajua namsema nani.

Niseme mapema kabisa: usitume kura. Sikiliza ukitaka, ila vocha yako itafutie kazi nyingine.

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, na kibandani kwangu redio inawaka tangu nafungua mpaka nafunga. Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Waliokuja kuchukua madera yao wanajikuta wamekaa, vijana wa bajaji wanaegesha nje na kuzima injini ili wasikie vizuri, na ubishi unaanza kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Huyu analeta namba za YouTube, yule anasema YouTube watu wananunua watazamaji, twende Boomplay, ile programu ya kusikilizia muziki simuni. Mwingine ni wa Diamond tangu zamani na hasikii la mtu, mwenzake wa Ali Kiba naye hivyo hivyo. Watu wameshagombana hapo kwa ajili ya nafasi ya tatu na ya nne wakanuniana wiki nzima. Asiyependa muziki hatanielewa. Wimbo wako ukipanda, unatembea mtaani kifua mbele kana kwamba umeutunga wewe.

Sasa kuna kijana wa Makorora, simtaji jina asije akaharibiwa mambo yake. Anaimba Bongo Fleva lakini sauti anaivuta kitaarabu, ukimsikia tu unajua huyu kalelewa hapa hapa. Wimbo wake uliingia chini kabisa mwa ile ishirini. Wiki iliyofuata ukapanda. Ukapanda tena. Mtaa mzima ukashika simu. Jirani yangu muuza bajia, mama mtu mzima, meseji hajui kuandika, akawa ananiletea simu yake, "Mwanangu, nipigie na mimi ya yule mtoto." Pesa ya bajia ile, ya kuamka alfajiri kupembua dengu. Wimbo ukafika nafasi ya sita.

Jumamosi iliyofuata tukaanza kusikiliza toka ya ishirini. Tukavuka ya kumi hatujausikia, tukasema basi leo tano bora. Kushona nilishaacha, gauni la mtu limelala kwenye cherehani na sindano imezama ndani yake. Ya tano haupo. Ya nne haupo. Ya tatu, ya pili, hakuna. Ya kwanza wakaupa wimbo wa Dar uliotoka juzi yake tu, ambao hata namba ya kuupigia kura hatukuwahi kutangaziwa. Wa kwetu haukuwemo kwenye ishirini nzima. Na mtangazaji, kwa ile sauti yake ya raha, akamalizia: "Wasikilizaji ndio mmeamua."

Tumeamua saa ngapi?

Simu ya studio ikaita weee, hakuna anayepokea. Nikaandika kwenye ukurasa wao kwa adabu kabisa, nikauliza tu wimbo ule umepata kura ngapi. Swali likafutwa. Hapo ndipo nikafunga kibanda, nikachukua bajaji, nikaenda mwenyewe.

Mlinzi getini nampa maua yake. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu sana." Akanielekeza mlango, akaniuliza na hali ya nyumbani. Mapokezi nako nilimkuta binti mpole. Nikamwonyesha meseji zangu za asante, zote zimo simuni, sijafuta hata moja. Akasema ngoja nikuangalizie dada, akavuta kauntabuku, akaifungua mezani.

Niliyoyaona kwenye kauntabuku ile ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Orodha ya ile Jumamosi imeandikwa kwa kalamu ya bluu, moja hadi ishirini, jina la wimbo na jina la msanii. Pembeni hakuna idadi ya kura. Hakuna hata tarakimu moja ya kuonyesha huyu kapigiwa na wangapi. Halafu kwenye mstari wa tano pamepakwa ule wino mweupe wa kufutia makosa, umekauka ukafanya magamba, na juu yake pameandikwa wimbo mwingine kwa kalamu nyeusi na mwandiko wa mtu mwingine. Sisemi nilisoma jina lote lililofutwa. Lakini herufi ya kwanza ilikuwa inachungulia pembeni, na herufi hiyo ni ya kijana wetu. Kwenye ile ishirini hakukuwa na msanii mwingine anayeanza nayo.

Binti alipoona macho yangu yamekwama hapo, akaifunga. Simlaumu, naye ana bosi.

Ndipo mtangazaji mwenyewe akatokea, simu mkononi, macho yako kwenye simu.

"Dada, tatizo nini?"

Nikamwambia sina tatizo, nataka kujua ule wimbo umepata kura ngapi.

"Kwani wewe meneja wake?"

"Hapana mdogo wangu, mimi msikilizaji."

"Basi kazi ya msikilizaji ni kusikiliza."

Akageuka akaingia ndani. Hakusema samahani, hakusema kaa kidogo nikuangalizie, hakunitazama usoni. Na mtu huyu huyu ndiye anayetuita "wapenzi wasikilizaji" kila baada ya wimbo, anayetuomba "tuma kura yako sasa hivi mpenzi, wimbo wako unakutegemea." Wakati wa kutuma pesa mimi ni mpenzi. Nikifika kuuliza, kazi yangu kusikiliza. Nilirudi Ngamiani machozi yananilenga kwa hasira, dereva wa bajaji akadhani nimefiwa.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma mambo ya chati usiku na mchana, maana nilitaka kujua kama kweli nauliza kitu cha ajabu. Sikuuliza cha ajabu. Marekani wana Hot 100, chati ya nyimbo mia ya jarida la muziki la Billboard, tangu 1958, na kwa miaka mingi nako mambo yalikuwa ya kauntabuku hivi hivi: wenye maduka na vituo vya redio waliripoti wao wenyewe nini kimeuzwa na nini kimepigwa. Mwenye duka akiamua kuubeba wimbo fulani, anautaja tu. Mwaka 1991 wakaleta SoundScan, hesabu inayotoka kwenye mashine inayosoma alama ya mistari pale kaunta mteja anapolipia. Ikawa aibu. Rap na country, muziki uliokuwa ukionekana wa watu wachache, ukapanda juu ghafla. N.W.A, kundi la rap, walishika nafasi ya kwanza ya albamu mwaka ule ule, na Garth Brooks, mwimbaji wa country, naye akaishika. Hebu fikiria. Mashabiki wale hawakuzaliwa 1991. Walikuwepo siku zote, walikuwa wananunua, ila aliyeshika kalamu hakuwaandika.

Hicho ndicho kinachoniuma. Makorora tupo. Ngamiani tupo. Aliyeshika kalamu hataki kutuandika.

Na huko Marekani mtangazaji akipokea pesa kwa siri ili apige wimbo, ni kosa la jinai tangu 1960, baada ya kashfa kubwa ya watangazaji kuhongwa. Sisemi huyu wetu kapokea kitu. Nasema mtu asiyetaka kuonyesha hesabu anajiletea mwenyewe maneno ya watu.

Siku hizi wiki ya kuhesabu ya Billboard inaanza Ijumaa inaisha Alhamisi, inajulikana na kila mtu. Kanuni wanazitangaza. Mwaka 2018, kwa mfano, waliweka kwamba nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni mara 1,250 na watu wanaolipia huduma ni sawa na kuuza albamu moja, na wanaosikiliza bure kwa matangazo ni mara 3,750. Mashabiki wanazipinga kanuni hizo kila kukicha, wanasema zinampendelea huyu zinamwonea yule, na sawa, wapinge. Wanapinga hesabu waliyoiona. Mimi napinga nini? Wino mweupe?

Halafu kuna Global 200, chati yao ya dunia nzima waliyoianzisha 2020, inayokusanya usikilizaji kutoka nchi na maeneo zaidi ya 200. Yaani wanatafuta namna ya kumhesabu hata msikilizaji aliye mbali nao kabisa. Mimi niliyelipa kwa salio langu, ninayekaa safari fupi ya bajaji kutoka studio, sihesabiki.

Na hii ni Tanga jamani. Mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mji wa Black Star na Lucky Star, taarabu iliyotoka hapa na magitaa yake ikawabadilishia watu masikio pwani yote. Bi Shakila, Mungu amrehemu, sauti yake ilitoka kwenye vikundi hivyo. Mama yangu alikuwa anatuma kadi za salamu Redio Tanzania, kadi inasafiri kwa posta mpaka Dar, na siku ikifika jina lake linasomwa hewani, mtaa mzima unamwita kwa shangwe. Kadi ya posta ilifika. Meseji yangu ya sekunde mbili haikufika?

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema programu hii ifungwe. Nimetulia kidogo, na haki lazima niitoe: isifungwe. Ni hapo pekee nilipowahi kumsikia mtoto wa Makorora anapangwa kwenye orodha moja na mastaa wa Dar. Vijana wa Pongwe na Muheza nao wamepitia hapo hapo. Fundi mitambo wao anajua kazi, sauti inatoka safi kuliko redio nyingi. Na yule binti wa mapokezi alinipigia simu baadaye kwa namba yake mwenyewe, akaniomba radhi kwa niaba ya ofisi, akasema, "Dada usichoke kusikiliza, kuna wengine humu ndani hatupendi yale." Maneno yale yalinipooza moyo. Kwa ajili ya binti yule ningewapa nyota tatu kati ya tano bila kusita.

Lakini hapana. Nikimkumbuka mama wa bajia anavyonyoosha simu yake kwangu kwa mikono miwili, nyota tatu zinanikwama kooni. Jumamosi ile jioni alikuja kuniuliza, "Mtoto wetu kashika ya ngapi?" Nilimjibu sijasikia vizuri, umeme ulikatika. Mtangazaji ndiye aliyenifikisha mahali pa kumdanganya mama mtu mzima. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mlinzi na binti wa mapokezi, wagawane.

Wanachotakiwa kufanya si kigumu. Wasome idadi ya kura pamoja na nafasi, hewani, kila Jumamosi. Wimbo usio na namba ya kupigiwa kura usishike nafasi. Kama wahariri wao wanataka kuchagua nyimbo wanazozipenda, ruksa, ni redio yao, waite "chaguo letu" na wasikate salio la mtu. Kijana wetu akishindwa kwa kura tutakubali na tutampigia makofi aliyeshinda. Tumezoea kushindwa, sisi ni watu wa Coastal na African Sports, timu zetu za mpira.

Kwa sasa Jumamosi redio nawasha, kura situmi. Vijana wa bajaji nao wameacha. Nimekubaliana na wenzangu kadhaa wa Ngamiani na Chumbageni tuandike barua ya malalamiko kwa redio kwanza, maana utaratibu ndivyo ulivyo, uanze kwa mtoa huduma. Wakikaa kimya tunaipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na meseji zetu zote za asante. Kwa hiyo kama uliupigia kura wimbo ule, meseji zako usifute. Piga picha kioo cha simu, tarehe na makato yaonekane, kisha pita kibandani kwangu siku yoyote isiyo Ijumaa mchana. Mama wa bajia yuko hapo nje, atakuelekeza.