Maktaba ya chuo chetu: majarida safi, kiti cha kukaa ndo shughuli

Kwa majarida wako vizuri sana aisee, ukilogin Research4Life pale (mtandao wa majarida ya kitaaluma) unashusha makala ambazo ukizitafuta mwenyewe mtandaoni unaambiwa ulipie dola, na dada wa kaunta anakuelekeza mpaka uelewe. Shida nafasi. Kipindi cha UE, yaani mitihani ya mwisho wa semesta, ukifika saa mbili asubuhi kila kiti kina begi na daftari, mwenyewe yuko kantini anakunywa chai, watu wamekaa chini kwenye korido karibu na soketi wachaji laptop. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) tangu 2018 wana jengo la maktaba la watu 2,100 kwa mpigo. Sisi hatuombi ghorofa jamani, wafungue mpaka usiku na begi lisilo na mtu lishushwe. Nyota tatu.