Kyureta (mwandaaji wa maonyesho ya sanaa) wa kujitegemea au wa kuajiriwa makumbusho?

Kwa mtu anayetaka kuinua sanaa ya kisasa ya Afrika na diaspora, mi nasema inategemea unavumilia ukata kiasi gani, maana ukijitegemea we ndo unaandika wazo, we ndo unaomba ufadhili, we ndo uko juu ya ngazi usiku na futi mkononi unapima ukuta na maonyesho yanafunguliwa kesho, alafu hela yenyewe inakuja kwa mafungu. Ila uhuru upo aisee. Kyureta Mnigeria Okwui Enwezor alianzia huko, 1994 akaanzisha na wenzake jarida la sanaa la Nka, 2002 akaongoza Documenta 11, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, na badala ya kungoja watu waje Ujerumani mijadala yake ikafika mpaka New Delhi na Lagos.

Makumbusho je? Mshahara, bima ya kazi za sanaa, stoo isiyo na unyevu, na kubwa zaidi wananunua kazi zikabaki pale. Wa kujitegemea maonyesho yakiisha makreti yanarudi kwa wenyewe, basi. Shida ni vikao, bodi ikiogopa jina isilolijua imeisha hiyo.

Kyureta Koyo Kouoh alionja kote, kituo cha sanaa cha RAW Material Company alikianzisha Dakar 2008, kisha 2019 akashika uongozi wa makumbusho ya Zeitz MOCAA huko Cape Town. Na mi ningefuata mpangilio huohuo, coz ukiingia na wasanii wako mkononi hata bodi inakusikiliza.