Leseni ya mwamuzi wa chesi: Euro 20 ambazo sijutii

Hela niliitoa kwenye malipo ya korosho, na mke wangu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nilikuwa nao. Ada ya leseni ya mwamuzi wa taifa ni Euro 20, unalipa mara moja tu, na leseni haiishi muda ilimradi uendelee kuchezesha. Tangu 2013 FIDE, shirikisho la chesi la dunia, inataka mashindano ya reting, yaani yanayompa mchezaji alama rasmi za kiwango chake, yasimamiwe na waamuzi wenye leseni. Bila hivyo, mtoto wa Mtwara atawafunga wote na jina lake lisionekane popote.

Semina ya FIDE niliifuata mtandaoni nikiwa nyumbani Shangani. Masomo hayapungui saa 16, kisha mtihani, na kufaulu ni asilimia 80. Bando lilikwenda, lakini nilichokipata nimeshakitumia.

Kwenye mashindano ya shule pale Ligula, binti wa kidato cha pili alifikisha askari wake mstari wa mwisho, akabonyeza saa, ndipo akaanza kupekua boksi kutafuta malkia. Zamani ningesema, "Weka malkia, mwanangu, endelea." Sasa najua kubonyeza saa kabla ya kuweka malkia ni kosa. Nilisimamisha saa, askari akawa malkia, mpinzani nikamwongezea dakika mbili. Machozi yakamlenga binti. "Mwalimu, si nilikuwa naitafuta?" Nikamwonyesha: kama malkia haipo mezani, simamisha saa mwenyewe, mwite mwamuzi akuletee. Raundi iliyofuata alifanya hivyo hivyo, mkono juu, na akashinda.

Kilichoniudhi ni malipo. Hutumi mwenyewe, yanapitia shirikisho la nchi, na sisi wa mikoani tunamkabidhi mtu atufikishie. Aliyekusanya za kwetu alikaa nazo wiki saba, simu hapokei. Dai risiti siku hiyo hiyo, ndugu yangu.

Sasa nakitaka cheo cha Mwamuzi wa FIDE, yaani FA. Semina ninayo, zimebaki normu tatu, yaani kuchezesha mashindano matatu yanayohesabiwa kwa cheo hicho, na mashindano ya kupatia normu nayasikia Dar tu. Nauli ya basi kwenda na kurudi, gesti siku tano, chakula: ukijumlisha, ada ya leseni inakuwa hela ndogo.

Leseni naipa nyota tano, njia ya malipo mbili. Na wanaopanga kalenda, tuleteeni mashindano mamoja ya reting huku Kusini, Mtwara au hata Lindi. Ukumbi upo, meza zipo, na saa za kidijitali tunazo nane.